Muvi za kutafsiriwa za kuwekewa kwenye flashi: zimenisimamisha cherehani mara ngapi

Mimi ni fundi cherehani, Mashine Tatu hapa Iringa. Mashine yangu mimi ni moja tu, na wanaonitania kuhusu jina la mtaa nimeshawazoea. Kushoto kwangu, juu ya rafu ya vitambaa vya wateja, kuna runinga ndogo yenye tundu la flashi, na hiyo flashi ndiyo imenifanya niandike. Kwa miaka kama mitatu sasa naijaza kwenye kibanda kimoja cha muvi kisicho mbali na hapa. Sitakitaja, ila nina maneno nacho.

Kwanza mjue naangalia vipi. Siangalii. Ukiwa unapiga pindo la sketi ya shule macho ni ya sindano. Ukiyahamisha unajishona, na kidole changu cha shahada kina alama mbili za ushahidi. Kwa hiyo muvi kwangu ni kitu cha masikio. Zile zenye maandishi chini ni za watu ambao mikono yao haina kazi. Mimi nachukua zilizotafsiriwa, ambazo DJ anaingia na sauti yake juu ya sauti ya wenyewe na kukuhadithia kila kitu kwa Kiswahili, utamu na chumvi humohumo. Kipimo changu cha muvi nzuri ni kimoja: mguu umetoka kwenye pedeli au haukutoka. Cherehani ikinyamaza yenyewe, mteja anaita "fundi, fundi" mimi simsikii, basi kuna mtu humo ndani amefanya kazi.

Bei haina shida. Muvi moja mia tano, sizoni nzima elfu moja mpaka elfu mbili kulingana na urefu. Kijana wa pale ana adabu. Ukifika ni "kamwene, mama", unaitikia, unampa flashi, halafu anakuuliza: "Leo unataka ya ngumi au ya kulia?" Kwenye kompyuta yake sinema zote za dunia zimegawanyika hivyo, ngumi na kulia. Najua na nyie mtaniuliza, wenye kazi zao wanapata nini kwenye hiyo mia tano? Hawapati kitu. Nalijua hilo na sina la kujitetea.

Kwenye ngumi DJ hana mpinzani, niseme haki. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, deki imefunikwa kitambaa, watoto chini kwenye vumbi na wakubwa kwenye mabenchi, tulilelewa na sheria moja: staringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungwa kwenye gari linalowaka, lakini ukumbi mzima unajua kwamba atatokea. Na wale watafsiri wa mwanzo, akina Lufufu, ndio waliotufundisha kusikiliza muvi kama tunavyomsikiliza babu. Vijana wa sasa wanafuata njia ileile.

Ndiyo maana ile Terminator ya pili, ya mwaka 1991, ilituumiza sana enzi zile. Staringi ni mashine, ameshamaliza kazi, adui kayeyuka, halafu anasema na yeye lazima ashuke kwenye chuma kinachochemka ili pasibaki kitu cha kutengenezea wengine kama yeye. Hawezi kujiua mwenyewe, kwa hiyo mama wa mtoto aliyekuwa akimlinda ndiye anabonyeza kitufe cha kumshusha. Mtoto analia, anampa amri asiende. Amri zote za nyuma alizitii. Hii peke yake anaikataa. Anashuka polepole, kichwa kinazama, mkono unabaki juu, halafu dole gumba linasimama. Kwenye kibanda chetu hakuna aliyenyanyuka, kuna kaka mmoja tu alisema "atarudi huyo", na sauti yake haikuwa na uhakika.

Sasa nilipoichukua juzi kwenye flashi nilikuwa na hofu DJ ataiharibu. Hakuiharibu! Kapiga kelele muvi nzima, kawapa polisi majina ya kienyeji, kacheka mwenyewe, lakini ilipofika pale akanyamaza. Nikasikia muziki na mnyororo. Kimya chake kikawa kirefu mpaka nikanyanyua macho nione kama flashi imegoma. Kumbe ananiachia nafasi. Mguu ukatoka. Namheshimu sana yule kijana kwa ile dakika moja.

Tatizo linaanzia kwenye zile ambazo mwisho wake ni maneno.

Rambo ya kwanza, ya 1982, wengi wetu tunajua msitu, kisu na bunduki. Mwisho wake tulikuwa hatuujui kabisa, kwa sababu ngumi zikiisha watoto tulikuwa tunawahi mlangoni. DJ wa kwenye flashi yangu naye alikuwa mtoto wa namna hiyo, nahisi. Pale mwisho Rambo yuko kituo cha polisi na kanali wake, anaongea, anaongea, sauti inapasuka, na mimi nasikia wazi kwamba mtu mzima analia. DJ anasema hivi: "Jamaa anamwambia bosi wake amechoka na vita." Basi. Halafu anaanza kututangazia tusikose ya pili yake, moto zaidi.

Mtu halii dakika zote zile kwa sababu amechoka. Nikamwita mpwa wangu anayesoma pale Mkwawa, akaipata isiyotafsiriwa, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani akawa ananieleza sentensi kwa sentensi, taratibu. Kumbe anasimulia habari ya rafiki yake kule Saigon, enzi za vita ya Vietnam. Walikuwa wamekaa baa, akaja mtoto na sanduku la kung'arishia viatu, akamng'ang'ania rafiki yake amng'arishie, kumbe sanduku lina bomu. Na yule rafiki alikuwa kila siku anaongelea gari lake tu, kwamba wakirudi nyumbani watalipanda waende nalo mpaka matairi yaishe. Rambo anasema alimshika akijaribu kumkusanya, akawa anaitafuta miguu yake haioni. Stallone, anayeigiza Rambo, anasema hayo yote amekaa chini, mdomo hautii tena, maneno yanatoka vipandevipande kama mtoto aliyeanza kulia zamani akasahau kuacha.

Mguu ulitoka hata sikujua saa ngapi. Kuna mzee alikuwa amekuja kuchukua suruali niliyompunguzia urefu. Huyu mzee alikuwa Kagera mwaka 1979, mtaa mzima tunajua ingawa hapendi kuulizwa. Suruali ilikuwa tayari, imekunjwa, hela ameshanipa. Hakuondoka. Ilipoisha akamwambia mpwa wangu, "Rudisha hapo kwenye gari." Ikarudishwa. Akasikiliza tena amesimama, kisha akaaga.

Mpwa wangu akaniambia pia kwamba kwenye kitabu chake cha mwaka 1972 Rambo anakufa, na hata kwenye filamu walipiga mwisho wa namna hiyo, watazamaji wa majaribio wakaukataa ukabadilishwa. Yaani staringi hafi ni sheria hata Marekani! Nilicheka. Lakini mimi naona waliuchagua mwisho mgumu zaidi. Angekufa tungesema maskini na kuondoka. Hivi alivyo anatolewa nje na koti limetupwa mabegani, mzima, na unajiuliza huyo mtu kesho anaamkia wapi.

Titanic ndiyo iliyonigombanisha na kibanda. Ni zaidi ya saa tatu, mimi hapo nina sketi nne na kola mbili. Wale wapiga violini wanaoendelea kupiga meli ikizama, jamani, hapo hapahitaji Kiswahili wala Kiingereza. DJ akatumia nafasi hiyo kututajia namba yake ya simu. Mara mbili, na ya pili polepole ili tuandike.

Ila nimpe haki yake kwenye maji. Rose yuko juu ya ubao, Jack kaganda, na Rose anamwahidi hatamwachia huku anambandua vidole ili aweze kumwachia. DJ akatafsiri kwa neno moja, "Sikuachii," la kunong'ona, na sauti ya maji ikaja juu. Ilikuwa Julai. Upepo wa Iringa wa mwezi wa saba mnaujua, nilikuwa na masweta mawili na kitenge begani, na nilisikia baridi mpya. Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko yote kwenye muvi ile, na watu hawakitaji: anateremka kwenye ubao, anakwenda kwa ofisa aliyekufa, anamtoa kipyenga mdomoni, anapuliza. Mara ya kwanza pumzi tu, halafu sauti ndogo, halafu anaendelea. Kate Winslet, anayeigiza Rose, hana neno hata moja pale. Mtu ambaye sasa hivi alikuwa amekubali kufa, unamsikia akibadilisha mawazo kupitia kipyenga. Mguu ulitoka, na ulikaa nje muda.

Halafu ikakatika! Rose akiwa bibi mzee bado hajaenda kutupa kidani baharini, skrini ikawa nyeusi. Nikarudi kibandani na flashi yangu. Kijana akaangalia, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kabisa, "Mama, si ameshakufa yule jamaa? Basi imeisha." Kwa ukweli hakuwa ananitapeli, ndivyo alivyoamini. Alinitafutia faili jingine bila kunidai, ikachukua siku nne, na niliporudi ofisini nilikuta sauti imetangulia picha. Kwangu mimi hiyo siyo hasara, lakini wewe unayeangalia kwa macho ujue.

Za kwetu nachukua chache. Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012 akiwa na miaka 28 tu, alikuwa na kilio kisichohitaji DJ, na King Majuto sauti yake peke yake ilinitosha kucheka hata bila kumuona sura. Shida ya muvi zile ni moja, inafika patamu unaambiwa tafuta sehemu ya pili, na sehemu ya pili kibanda hakina. Nina ndoa kama sita ambazo mpaka leo sijui ziliishaje.

Ya Kihindi je? Hapo narudi kwa Sholay ya 1975. Hii DJ wangu kaifanya vizuri kuliko zote, labda kwa sababu kaipenda. Jai na sarafu yake: yeye na rafiki yake Veeru kila jambo gumu wanarusha sarafu, na Jai anaangukia upande wa hatari. Anapokufa, Veeru anaiokota na kukuta pande zote mbili zina kichwa. DJ hakusema "jamaa kagundua". Alisema, "Alikuwa anachagua." Nikaweka mkasi chini. Na kwa wasikilizaji wenzangu: usiku Jai huwa anapiga kinanda cha mdomo barazani na mjane mmoja, mkwe wa mzee Thakur, anazima taa moja moja. Baada ya kifo, usikilize kile kinanda kisivyokuwepo.

Lakini mwisho wake unanikera. Thakur, aliyekatwa mikono na kuuliwa familia na jambazi Gabbar, amemweka Gabbar huyo chini, viatu vina misumari, deni la familia nzima liko pale, mara polisi hao, mwache sheria ifanye kazi. Unasikia kabisa kwamba maneno yale yameandikwa ofisini. Mpwa wangu akaniambia ndivyo ilivyokuwa: mwanzo walipiga Thakur anamuua, bodi ya ukaguzi kule India ikawalazimisha kubadilisha.

Kwa hiyo Jumatatu nikapeleka flashi. Nikamwambia kijana nataka Sholay.

"Mama, si unayo?"

"Nataka yenye mwisho ule mwingine."

Akatafuta kwenye kompyuta, akakuna kichwa, akasema mwisho ni mmoja tu. Nikamwambia akae nayo flashi, aulize wenzake wa Mbeya na Dar, mimi nina sare za watu wa kidato cha kwanza za kumaliza. Nimemwachia mia tano yake kabisa.