Nimeisikiliza In the Jungle Groove ya James Brown: sekunde 20 za mpiga dramu

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sina simu wala spika mpya. Nina hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera: In the Jungle Groove. Santuri mbili ndani ya jalada moja, kazi za James Brown, yule mwimbaji wa Marekani, za kati ya 1969 na 1971, zilizokusanywa mwaka 1986.

Sitawapigia, video itashushwa kabla sijamaliza sentensi. Nitagonga meza. MOJA, mbili, tatu, nne. MOJA, mbili, tatu, nne. Mmeisikia hiyo moja? Muziki mwingi wa Wamarekani weusi wa wakati ule uzito wake ulikuwa kwenye mbili na nne, pale watu wanapopiga makofi. Kuanzia 1965 hivi, Brown akawabana wapigaji wake: zurura utakavyo, ila kwenye moja turudi nyumbani wote. Gitaa likaacha kuimba, likawa linakwaruza. Tarumbeta zikawa zinatamka neno moja na kunyamaza. Kila chombo kikageuzwa ngoma. Hiyo ndiyo fanki, na aliyekulia karibu na ngoma za mtaani hapati shida kuielewa: mmoja anashikilia, wengine wanajibu.

Sasa twende kwenye wimbo uliofanya niitafute santuri hii, Funky Drummer. Ulirekodiwa Cincinnati, Marekani, Novemba 1969. Mwaka 1970 ukatoka kwenye santuri ndogo, umekatwa vipande viwili. Humu upo mzima, dakika tisa na ushei, na nusu ya kwanza, niseme ukweli, inazunguka palepale tu. Vumilia. Ikikaribia dakika ya tano na nusu, Brown anamwambia mpiga dramu asijionyeshe, aendelee na alichonacho. Wenzake wananyamaza. Anabaki Clyde Stubblefield peke yake, sekunde 20 hivi. Vaa hedifoni usikilize katikati ya mapigo makubwa: kuna vigongo vidogo vidogo kwenye snea, ile ngoma ya dramu yenye mlio mkali, kama mtu anayenong'ona. Jamaa alikulia Chattanooga, akisikiliza mashine za viwanda na treni.

Hizo sekunde 20 ndizo zilizokuja kujenga nyumba za watu. Ilipofika miaka ya themanini, maprodyuza wa hip hop wakakikata kipande hicho na kukizungusha mwanzo mwisho. Public Enemy walikitumia kwenye Fight the Power, 1989. Orodha ya waliokichukua ni ndefu, sitaanza kuisoma. Na vijana wetu waliochana juu ya biti za Marekani kabla Bongo Fleva haijapata jina lake, sehemu ya kile walichokuwa wanakifuata ilitokea kwenye dramu hizi.

Stubblefield mwenyewe? Hakuandikwa kama mtunzi. Mirabaha ya vile vipande haikumfikia. Alifariki 2017 akiwa na miaka 73. Kila nikifika hapo nakasirika upya, samahanini.

Haya, bidhaa yenyewe. Besi imeshiba. Soul Power na Get Up, Get into It, Get Involved ndizo za kuanzia kama una wageni sebuleni. Humo yumo Bootsy Collins kwenye besi, kijana mdogo kabisa, na huwezi kukaa kitini. Kisichonikuna ni Bonus Beat Reprise: kile kipande cha dramu kimerefushwa kwa kurudiwarudiwa. Prodyuza atakipenda, mimi msikilizaji wa kawaida nakiruka. Na kama wewe ni mtu wa mashairi, hapa utakuta sentensi mbili tatu na kelele nyingi. Usije ukanilaumu.

Naipa nane na nusu kwa kumi. Huna kinanda cha santuri? Tafuta toleo refu hukohuko mtandaoni, sio lile lililokatwa, ulisogeze hadi dakika ya tano na nusu, halafu uniandikie hapo chini ni wimbo gani wa nyumbani umekujia kichwani. Ngoja nigeuze upande wa pili.