Casino Royale au Quantum of Solace?

Kama una jioni moja tu ya kumtazama Daniel Craig akiwa jasusi James Bond, chagua filamu ya Casino Royale ya 2006. Quantum of Solace ya 2008 inaendeleza kisa hichohicho, iligharimu fedha nyingi zaidi, na bado imepwaya.

Tofauti kubwa ni subira. Casino Royale, yenye dakika 144, inathubutu kuwaweka watu mezani wakicheza karata, nawe unabana pumzi, kwa sababu Le Chiffre, adui anayeigizwa na Mads Mikkelsen, anatisha hata akinyamaza. Vesper, mwanamke anayependwa na Bond, anapewa muda tumzoee, ndiyo maana kifo chake kinauma. Quantum ina dakika 106. Inafungua kwa magari kufukuzana nchini Italia, picha zikikatwakatwa mpaka hujui nani kamgonga nani. Inasikitisha, maana mwongozaji Marc Forster anajua kutulia: tazama Bond anavyowanasa maadui wakinong'onezana katikati ya opera ya Tosca, huko Bregenz, Austria. Laiti filamu nzima ingekuwa hivyo!

Mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2007 na 2008 uliikuta hadithi ya Quantum bado mbichi, na Craig alieleza baadaye kwamba yeye na Forster walilazimika kuandika upya baadhi ya matukio. Inaonekana. Greene, tajiri anayehodhi maji ya Bolivia, ni wazo zito lililoachwa njiani.

Quantum itazame tu ukiwa umetoka kuiona ya kwanza, na zaidi kwa ajili ya Camille, mwanamke mwenye kisasi chake mwenyewe.