Nyoka au baiskeli: riwaya ipi kwa darasa la Bukavu?

Mwalimu wa Kifaransa wa sekondari hapa Bukavu anayetaka kufundisha ishara (kitu kinachobeba maana nyingine) katika riwaya za makuzi, yaani za mtoto anayekua, ana mbili za kuchagua.

L'Enfant noir ya Camara Laye (1953) ni nyepesi kuanzia. Nyoka mweusi anaingia karakana ya baba sonara, na baba mwenyewe anamweleza mtoto kwamba ni mzimu wa ukoo. Wanafunzi wananakili, basi. Ukurasa wa mwisho ndio mtamu: kijana yumo ndegeni kwenda Ufaransa, ramani ya metro imetuna mfukoni, na hakuna anayemfafanulia kitu.

Petit Pays ya Gaël Faye (2016) haifafanui kamwe. Baiskeli ya Gabriel, mtoto anayesimulia, inaibwa Bujumbura, inakutwa kijijini kwa familia maskini iliyoinunua. Anaichukua na kurudi nayo nyumbani, lakini furaha imegeuka aibu. Uliza darasa: sasa baiskeli hiyo ni nini? Watabishana hadi kengele. Ningeanza na hii, nyoka asubiri. Ila kuna mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 humo, na hapa kwetu watoto wengi wana ya kwao. Usimlazimishe yeyote kusoma kurasa hizo kwa sauti.