Haibridi ipi ununue: namba ya Japani na mafuta ya barabara zetu

Jirani yangu wa Tabata alinunua Toyota Aqua, haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, kwa sababu ya namba moja tu: 35.4. Dalali alimwonyesha kwenye simu, kilomita 35.4 kwa lita. Akapiga hesabu ya kwenda na kurudi Posta, akaona lita moja inamtosha kwa siku na chenji inabaki. Mwezi haujaisha akaja kunigongea mlango, ana hakika tangi linavuja. Tukaenda sheli tukajaza, baada ya siku tisa tukajaza tena. Ikatoka 20 na ushee kwa lita. Tangi lilikuwa zima, na gari pia lilikuwa zima kabisa.

Dalali hakudanganya, wala Toyota. Namba ile ilipimwa kweli, ila ilipimwa Japani, ndani ya chumba, magurudumu yakizungukia kwenye rola, kwa kipimo cha serikali kiitwacho JC08. Safari yote ya kipimo hicho ni kilomita 8 na kidogo kwa dakika 20. Mwendo wa wastani ni kilomita 24.4 kwa saa, na kasi ya juu kabisa haifiki 82. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima wala tuta, na hakuna mashemeji wanne na gunia la mchele kwenye buti. Haibridi katika mwendo huo inastarehe: injini inazimika muda mwingi, na kila breki inarudisha umeme kwenye betri.

Kabla ya JC08 kulikuwa na kipimo kilichoitwa 10-15, laini zaidi. Kwa hicho, Aqua hiyo hiyo ilitangazwa kwa 40. Magari mapya zaidi hupimwa kwa WLTC, ambacho ni kigumu kidogo na kinatoa namba tatu kando kando: mjini, pembeni mwa mji, na njia kuu. Kwa hiyo ukiona namba kwenye tangazo, uliza kwanza imetoka kwenye kipimo kipi. Mara nyingi muuzaji hajui. Ameinakili tu kutoka kwenye mtandao wa mnada.

Wamarekani wanapima kwa ukali zaidi. Tangu mwaka wa modeli wa 2008, shirika lao la mazingira, EPA, linahesabu pia mwendo kasi, kiyoyozi na baridi. Siku walipobadilisha hesabu, Toyota Prius ya kizazi cha pili ilishuka kwenye karatasi kutoka maili 55 kwa galoni hadi 46, yaani kutoka kilomita 23 hivi kwa lita hadi 19.6, na hakuna skrubu hata moja iliyoguswa kwenye gari. Aqua kwao iliuzwa kwa jina la Prius c. Waliipa kilomita 21.3 kwa lita, na hesabu iliporekebishwa tena kwa modeli ya 2017 ikawa 19.6. Jirani yangu na EPA walikuwa wanakubaliana bila kujuana.

Kutokana na hayo nina kanuni yangu ya gereji, si ya maabara. Namba ya 10-15 igawe kwa mbili. Namba ya JC08 zidisha kwa 0.6. Namba ya WLTC zidisha kwa 0.7. Aqua ya 35.4 inakupa 21. Prius ya kizazi cha nne, ambayo madaraja yake mengi (matoleo ya gari hilo) yalitangazwa kwa 37.2, inakupa 22.3, na EPA waliipa 22.1. Gari likizidi hapo, shukuru. Likikosa kufika hata hapo kwa mbali, kuna ugonjwa.

Sasa jambo ambalo wengi wanalielewa kinyume. Gari la kawaida hula sana mjini na hupumua safarini. Haibridi ni tofauti. Prius c ya 2012 EPA waliipa kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 njia kuu. Corolla ya kawaida ya 1.8 ya mwaka 2014 ilipewa 12 na kidogo mjini, njia kuu kama 16. Ukiziweka pamoja unaona pengo kubwa liko kwenye foleni ya Ubungo jioni, wala si Chalinze kwenda Morogoro. Mtu anayeishi barabarani kati ya Dar na Dodoma atapata faida, lakini ndogo kuliko aliyoahidiwa. Anayepanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kilomita 480 hivi kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 na zaidi, asishangae namba ikishuka akienda na ikipanda akirudi.

Kwa upande wa pesa, tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la kawaida la kilomita 13 kwa lita litakunywa lita 77. Haibridi ya kilomita 20 itakunywa 50. Umeokoa lita 27, na kama lita ni shilingi 3,000, hiyo ni 81,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili inakaribia milioni mbili. Ni pesa nzuri. Ila aliyeamini 35.4 alikuwa amepanga bajeti ya lita 28, na anaona ameibiwa. Na hiyo karibu milioni mbili iweke akilini, kwa sababu tutakutana na betri mbele.

Magari yafuatayo nimeyapanga kwa mtu anayenunua gari la Japani lililotumika, wa mjini, na asiye na fundi wa haibridi wa kumpigia usiku.

La kwanza ni Toyota Aqua, na sioni haya kulisema ingawa limejaa mjini kama daladala. Injini ni 1.5, gari lina uzito wa kama kilo 1,080, na mfumo wake mafundi wengi wameshaufungua. Betri yake ni ya nikeli, aina inayotengenezeka kipande kwa kipande ikibidi, ingawa ukibadilisha kipande kimoja vingine vya umri uleule havitachelewa kufuata. Tafuta la kuanzia 2014. Ubaya wake ni chini: liko milimita 140 tu kutoka ardhini. Watu wanaliinua kwa spesa na tairi kubwa, kisha wanalalamika mafuta. Tairi kubwa ni nzito kuzungusha, na pia zinaidanganya dashibodi: gurudumu linazunguka mara chache kwa umbali uleule, kilomita zinahesabiwa pungufu, na hesabu yako inatoka mbaya kuliko ilivyo. Kama njia ya kwako ni makorongo, usinunue Aqua.

La pili ni Corolla Axio Hybrid na ndugu yake Fielder Hybrid, kuanzia Agosti 2013. Kwa ndani ni Aqua iliyovaa kanzu: injini ya familia ileile, betri chini ya siti ya nyuma, buti haijaguswa. Zilitangazwa kwa 33.0, kwa kanuni yetu ni karibu 20. Kama una watoto watatu au unabeba mzigo wa duka, ningeiweka Fielder ya kwanza, tofauti ya kilomita moja kwa lita haina maana mbele ya buti ile. Angalia tu kwamba ni haibridi kweli. Fielder za kawaida ni nyingi, na nembo ya buluu ya haibridi hubandikwa kwa gundi.

Prius naiweka ya tatu, lakini ni ile iliyoanza kuuzwa Desemba 2015. Kwa safari ndefu ndiyo bora kwenye orodha hii, imetulia barabarani na mafuta haishtui. Iliyotangulia, ya 2009 hadi 2015, mimi huiogopa. Injini yake ya 1.8 ina tabia inayojulikana duniani kote: njia ya kurudisha moshi inaziba masizi, joto linakaa pasipotakiwa, na mwisho gasketi ya silinda hedi inaungua. Ukitaka kuijua, nenda asubuhi kabla haijawashwa. Ikitetemeka na kugonga sekunde za kwanza kama inataka kuanguka, muage muuzaji kwa heshima. Akikuambia ameshaipasha moto ili usisubiri, hapo hapo ondoka.

Nissan Note e-Power iliingia Novemba 2016 na ni gari la kufurahisha kuliko yote hapa. Injini yake ya 1.2 haishiki magurudumu kabisa, inazalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma. Mjini unaendesha kwa pedeli moja, foleni haichoshi mguu. Daraja la kawaida lilitangazwa kwa 34.0. Mjini nitakubali 20, lakini ukishika 110 kwa saa moja mfululizo, petroli inageuzwa umeme, umeme unageuzwa mwendo, na kila mgeuzo unakata kodi yake. Kwa mtu wa Mikocheni hadi Kariakoo, safi. Kwa msafiri, hapana.

Honda Fit Hybrid ya 2013 na kuendelea, pamoja na Vezel, ndizo zinazonipa mashaka. Fit ya daraja la msingi ilitangazwa kwa 36.4, ikaipiku Aqua ya wakati ule. Lakini giaboksi yake ni ya klachi mbili, na ndani ya mwaka mmoja hivi Honda iliziita Fit hizo kurudi kufanyiwa marekebisho mara tano, hadi Oktoba 2014 wakuu wa kampuni wakakatwa mishahara. Zilizorekebishwa zinakwenda vizuri. Shida ni kujua ipi ilirekebishwa, na giaboksi hiyo haipendi foleni ya kupanda mlima kwa hatua moja moja. Vezel ni zuri kwa sura, ila namba yake bora zaidi ilikuwa 27.0. Fanya hesabu: ni 16.

X-Trail Hybrid ya magurudumu manne ilikuwa na 20.0, kwa hiyo tarajia 12. Sina zaidi ya kusema.

Serena za S-Hybrid na Suzuki nyingi ndogo zina neno "hybrid" mlangoni, lakini mota yake ni msaidizi tu na haiwezi kulisukuma gari peke yake. Usilipe bei ya haibridi kwa ajili yake.

Mwisho ni zile za kuchomeka kwenye umeme, na hapa ndipo namba zinapokuwa hadithi. Outlander PHEV ilipotoka 2013 ilitangazwa kwa 67.0 kwa lita. Hiyo ilihesabu umeme wa nyumbani kama zawadi. Betri ikiisha, namba ya Japani yenyewe ilikuwa 18.6, na kwa kanuni yetu ni 11. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kutoka ndani ya magari ya aina hii yakiwa barabarani, ikakuta hewa ya ukaa inayotoka ni kwa wastani mara tatu na nusu ya iliyoandikwa, kwa sababu wenyewe hawayachaji kama ilivyodhaniwa. Kama huna pa kuchaji kila usiku, unanunua gari zito lenye betri isiyokusaidia.

Baada ya kuchagua, kazi iliyobaki ni betri, na nasema wazi kwamba hali ya betri ina uzito kuliko nafasi ya gari kwenye orodha yangu. Aqua iliyochoka itakula kuliko Fielder nzima. Enda na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, asome volti za kila kundi la seli gari likiwa linatembea, si limeegeshwa. Kundi moja likiachwa nyuma na wenzake unapokanyaga mafuta, ndilo hilo bovu. Kama huna mashine, tazama vijistari vya betri kwenye dashibodi: vikishuka kutoka kujaa hadi viwili kwa kilima kimoja, kisha vikapanda ghafla, betri inakuaga. Sikiliza pia feni kwenye siti ya nyuma. Betri hizi hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na tundu lake la kuvutia hewa huziba kwa vumbi na manyoya ya zulia. Kulisafisha ni kazi ndogo, lakini wengi hawajui kama lipo, na kwa joto la Dar kuziba huko ndiko kunakozika betri mapema. Uliza bei ya betri kabla ya kununua gari, uilinganishe na ile karibu milioni mbili ya miaka miwili. Halafu omba cheti cha Japani cha kusafirisha gari, kina kilomita zilizoandikwa kule.

Ukishalichukua, usiiamini namba ya dashibodi, huwa inajipendelea. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, sifurisha tripu (kihesabu cha kilomita za safari), tembea walau nusu tangi na njia zako za kila siku, rudi kwenye bomba lilelile, jaza hadi likate, gawa kilomita kwa lita. Rudia mara tatu. Jirani yangu sasa ana daftari la namba hizo kwenye droo ya gari. Juzi alinionyesha ukurasa wa mwezi ambao mvua zilikata barabara na foleni ikawa ya saa tatu: 22.1, mwezi wake bora kuliko yote.