Mashine ya kufyekea kwa shamba lenye nguruwe pori na nyani: ipi inunuliwe kwanza mkoani Tanga

Kwa mwenye shamba Muheza, Pangani au Mkinga, nyasi na wanyama waharibifu ni tatizo moja. Nguruwe pori hatoki mbali. Mchana kalala kwenye kichaka kilichoota mpakani mwako, au kwenye shamba la jirani anayeishi Dar es Salaam ambaye hajafyeka tangu masika yaliyopita. Usiku anavuka hatua chache tu, yuko kwenye mihogo. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue mashine gani ya kukatia majani, humuuliza kwanza mpaka wake ukoje. Una visiki? Una mawe ya matumbawe, mteremko, mkonge, seng'enge? Mashine ya kununua ni ile inayoweza kufika huko. Inayong'arisha mbele ya nyumba peke yake haiokoi hata shina moja la muhogo.

Nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza mwanzo. Nawaandikia wenye ekari moja hadi kumi hivi, ekari kwa kipimo chetu cha hatua 70 kwa 70.

Ya kwanza: mashine ya kufyekea ya begani

Hii ni ile ya injini nyuma, bomba refu katikati na kisu mbele, mtu anaivaa kwa mkanda begani. Inapita kati ya michungwa, inaingia chini ya waya, inazunguka kisiki, inapanda kilima cha Amani na inashuka bonde la mto. Kwa shamba la kwetu hakuna nyingine inayofanya haya yote.

Angalia ukubwa wa injini kwanza. Za chini ya cc 30 ni za ukoka wa nyumbani. Ukizipeleka kwenye matete au nyasi zilizozidi kiuno zitachemka na klachi itaungua mapema. Chukua ya cc 40 hivi kwenda juu, yenye bomba lililonyooka, siyo lililopinda, na mpini wa mikono miwili kama usukani wa baiskeli. Mkanda uwe wa mabega yote mawili. Wauzaji wengi wanatoa mkanda mwembamba wa bega moja, na mfanyakazi akiuvaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kesho yake hatoki. Mkanda mzuri unauzwa peke yake, ununue siku hiyo hiyo.

Visu viko vya aina tatu na kila kimoja kina kazi yake. Kichwa cha uzi wa nailoni ni cha nyasi laini na cha kuzungukia shina la mti, kwa sababu hakichubui gamba kama chuma. Kisu cha meno matatu ndicho cha kazi za kila siku: nyasi ndefu, magugu, vichaka vyembamba. Kisu cha duara chenye meno ya msumeno ni cha miti midogo ya unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Hicho usimpe mtu asiyezoea. Kikigonga kisiki upande wa kulia wa mbele, mashine nzima inarushwa pembeni kwa nguvu.

Sasa swali la chapa. Stihl na Husqvarna zinadumu, na bei yake ni mara kadhaa ya zile za Kichina zinazojaa madukani Tanga mjini na Gerezani, Dar es Salaam. Ukifyeka ekari mbili mara nne kwa mwaka, ya Kichina inatosha, mradi spea zipatikane karibu. Ukiwa na ekari sita na kuendelea, au ukipanga kuwafyekea na majirani kwa malipo, toa fedha ya ile nzuri. Hesabu yenyewe ni rahisi: chukua bei ya kufyekesha ekari moja kijijini kwako, zidisha kwa ekari zako, zidisha kwa mara unazofyeka kwa mwaka. Kwa ekari sita na mara nne ni ekari 24 za kulipia kila mwaka. Weka jumla hiyo kando ya bei ya mashine, petroli na mshahara wa anayeishika, utaona mwenyewe.

Dukani, kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe plagi, chujio la hewa, kabureta, kamba ya kuwashia na kichwa cha gia cha mashine hiyo hiyo, viko kwenye rafu. Akisema ataagiza, nenda duka jingine. Iwashwe mbele yako. Izimwe, isubiri kidogo, iwashwe tena ikiwa ya moto, kwa sababu ubovu wa kabureta hujitokeza hapo. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kuvutwa mafuta, kisu kisizunguke. Kikizunguka, klachi au marekebisho yana kasoro.

Nyingi za mashine hizi zinatumia petroli iliyochanganywa na oili maalumu ya injini za namna hiyo. Oili ya gari haifai. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye mfuniko wa tangi: 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, na 25 kwa 1 ni mililita 200. Usipime kwa jicho. Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika na kung'ang'ania; ikizidi, plagi inachafuka na moshi unajaa. Changanya kiasi cha kuisha ndani ya mwezi, na mashine ikikaa muda mrefu imwage mafuta kwanza.

Wasiotaka kuchanganya wana njia nyingine: injini yenye oili yake peke yake, kama Honda GX35 ya cc 35.8. Ni tulivu zaidi na haili petroli sana. Kwa nyasi na mipaka iliyokwisha kusafishwa naipenda mno. Kwa kufungua pori jipya, bado nachagua ile ya kuchanganya.

Mashine hii ina hatari zake za pwani, na vitabu vya kiwandani haviwezi kuzitaja. Upupu ukikauka na ukapigwa na kisu, manyoya yake yanajaa hewani na hayachagui ngozi. Ufyeke mapema ungali kijani, kabla ya maganda. Uzio wa minyaa ukiguswa unarusha utomvu, na utomvu ule ukiingia jichoni ni hatari kubwa kwa macho, kwa hiyo minyaa ikatwe kwa panga, taratibu, mtu kasimama pembeni. Nyuki wanakasirishwa na mlio na mtikisiko, basi kagua mizinga na mashimo ya miti kabla ya kuwasha. Miwani ya kuzuia vumbi na mawe, gambuti, suruali nzito na kinga ya masikio ni sehemu ya bei ya mashine. Mtu mwingine yeyote akae mbali mita 15 kwa uchache, hasa watoto wanaopenda kusogea kutazama.

Ya pili: fyekeo la mkono na vibarua

Naliweka la pili kwa moyo mweupe. Kwa ekari moja au moja na nusu, fyekeo lililonolewa vizuri na vijana wawili wa kijijini linashinda mashine yoyote kwa gharama, halihitaji fundi, na fedha inabaki kijijini. Pia fyekeo haliamshi nyuki na halirushi mawe. Tafuta lenye chuma kinachokubali tupa. Yale laini sana yanajikunja kwenye mzizi wa kwanza. Hata mwenye mashine asiliache, kwani kuna pembe ambazo mashine haifai kuingia.

Ya tatu: trekta la kukodi lenye slesha

Kuanzia ekari kumi, na kama visiki vimeng'olewa, kodi. Usinunue. Slesha, yaani kifyekeo kinachofungwa na kuzungushwa na trekta, linamaliza kwa saa moja kazi ya siku nzima, lakini kisiki kimoja kilichofichwa na nyasi kinavunja kisu au boksi la gia, na mwenye trekta atataka ulipe. Tembea shamba lote siku moja kabla na kuweka miti yenye kitambaa kwenye kila kisiki na jiwe. Kati ya mistari ya minazi na mikorosho mikubwa trekta linapita vizuri. Kwenye michungwa ya Muheza iliyobanana halipiti.

Ya mwisho: mashine ya kusukuma yenye magurudumu

Ni ya uwanja wa hoteli, shule au ua wa nyumba uliosawazishwa. Kwenye shamba inakwama. Za betri pia naziweka huku, ila kwa nyumba yenye umeme wa uhakika na ua mdogo ni nzuri.

Kondoo wachache chini ya michungwa, au ng'ombe chini ya minazi mirefu, wanapunguza kazi kubwa. Mbuzi hapana, atakula na majani ya mchungwa wenyewe.

Mashine imenunuliwa, sasa wanyama

Safisha mpaka kwanza, upana wa hatua kumi kuzunguka shamba lote, kabla ya kufyeka katikati. Wengi wanaanza na katikati kwa sababu ndiko kunakoonekana. Nguruwe pori hapendi kuvuka mahali peupe, na mlinzi au mbwa anamwona akija. Fyeka ukanda huo tena kabla mihogo haijajaza mizizi na kabla mahindi hayajaanza kutoa maziwa. Kwa pori la jirani asiyekuwepo, pitia kwa mtendaji wa kijiji. Mfyekee sehemu inayogusana na wewe kwa ruhusa, ukiandikiana naye. Moto usiutumie. Unaruka mpaka, unaunguza minazi ya watu, na nyasi zinarudi zikiwa changa na tamu zaidi.

Kwa uzio, mkonge ni mali ya hapa. Richard Hindorf, mtaalamu wa mimea Mjerumani, aliuleta mwaka 1893 na miche 62 tu iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, Pangani. Leo miche yake inapatikana kila upande wa mkoa. Panda mistari miwili iliyopishana, karibu karibu, na uifyekee magugu kwa miaka ya mwanzo, la sivyo nyasi zitaimeza na nguruwe atapata pa kupenya. Waya wa umeme wa jua unawazuia nguruwe vizuri kuliko seng'enge, lakini waya wa chini uwe sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini, na jani lolote likiugusa linanyonya nguvu ya umeme. Hapo tena mashine ya begani ndiyo inayofika. Mwenye waya wa umeme bila mashine ya kufyekea atakuwa na waya tu.

Nyani ni habari nyingine. Anakuja mchana, kwa kundi, ana akili, na anapanda kitu chochote. Uzio haumzuii. Kinachomzuia ni mtu, aliyepo kila siku tangu alfajiri, na mpaka mweupe unaomwezesha mtu huyo kuliona kundi likiwa bado mitini. Sanamu za kutishia na redio zinafanya kazi siku chache, kisha wanazizoea. Mbwa wanasaidia kwa kubweka, lakini dume la nyani lina meno ya kumuua mbwa, kwa hiyo mbwa asiachwe akabiliane nalo peke yake. Tumbili na ngedere watapungua ukikata matawi yanayoingia shambani kutoka msituni.

Msiwategee sumu. Sumu haimjui nguruwe. Inaua mbwa wa jirani, tai, kuku, na inaweza kumfika mtoto. Kuwinda pia kuna sheria: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, naye aifikishe kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Walio upande wa Mkwaja, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, wana tembo pia, na kwa tembo usijaribu chochote peke yako usiku. Kifuta jasho cha kanuni za mwaka 2011, yaani fedha ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, kinalenga wanyama hatari, kwa hiyo hesabu za msimu usizijenge juu yake, hasa kwa hasara ya nyani.

Wafugaji wa nguruwe wa nyumbani wajenge banda imara mbali na mpaka. Nguruwe pori na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuumwa, na ugonjwa huo hauna tiba.

Wamebaki mbwa koko na paka mwitu. Mara nyingi tunawaita sisi wenyewe kwa taka za jikoni na mizoga ya kuku iliyotupwa kichakani. Fukia, na ufyeke nyuma ya banda la kuku ambako nguchiro na kanu pia hujificha. Mbwa wako wachanjwe kichaa kila mwaka, muulize afisa mifugo wa kata. Mfanyakazi akiumwa na mbwa asiyejulikana, aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo, hata kama ni mkwaruzo mdogo tu.