Siku 4 juu ya Ukuta Mkuu wa China, Gubeikou hadi Mutianyu: uzoefu wangu kwa wanaotoka Dar

Ukitaka kuujua Ukuta Mkuu wa China kwa miguu, lipia safari yenye kipande cha Gubeikou hadi Jinshanling. Vipande vingine ni vizuri, lakini hicho ndicho kinachostahili nauli ya kutoka Dar es Salaam. Kifurushi nilichonunua kwa kampuni ya Beijing ni cha siku 4: Kosta ya kwenda na kurudi, wageni wasiozidi 8, waongozaji wawili (mmoja mbele, mmoja nyuma), malazi ya kijijini, viingilio, na milo yote isipokuwa chakula cha mchana siku ya mwisho. Siku ya kwanza mnasafiri kama kilomita 130 kuelekea kaskazini-mashariki na kutembea kidogo juu ya kijiji cha Gubeikou, ambako mabaki ya ukuta wa enzi ya Qi ya Kaskazini (550–577) bado yapo karibu na ule wa enzi ya Ming (1368–1644). Ya pili ni Gubeikou hadi Jinshanling, ya tatu Jinshanling kuelekea mashariki, ya nne Mutianyu. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata ina sababu yake.

Wengi wa kwetu huulizia kwanza kimo, kwa sababu mlima tunaoujua ni Kilimanjaro. Hapa hakuna shida ya hewa. Njia hii yote haifiki mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hivyo hutaumwa kichwa wala kuhitaji dawa. Kinachowamaliza watu ni ngazi. Wajenzi waliufuata mgongo wa mlima ili askari aone pande zote mbili, na mgongo unaposhuka ghafla, ukuta nao unageuka ngazi. Vidato havilingani: kimoja kina kimo cha kiganja, kinachofuata kinakufika gotini, cha tatu kimelika katikati hadi kikawa kama sahani. Huwezi kushika mwendo mmoja, kila hatua unaipima upya, na ndiyo maana kilomita 12 za siku ya pili zinakula saa 6 za mtu mwenye afya njema.

Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi ya kupanda. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki muda wote, magoti yanapokea uzito wa mwili na wa begi, na vidole vya mguu vinagonga mbele ya kiatu. Kata kucha siku mbili kabla. Kila mnapoanza mteremko, simama ukaze kamba za kiatu pale kwenye kifundo, mguu usiteleze kwenda mbele. Kwenye ngazi kali shuka upande upande, mkono mmoja ukutani. Fimbo za kutembelea zinafaa kwenye njia ya udongo tu. Juu ya ukuta ncha zake hunasa kwenye nyufa, basi zikunje na uzifunge kwenye begi, na hakikisha zina vifuniko vya mpira, kwa sababu chuma kinachimba matofali ambayo hakuna atakayekuja kuyafyatua tena.

Siku ya pili tulianza saa moja asubuhi. Kipande hiki, kinachoitwa Panlongshan, hakijakarabatiwa. Sakafu ya juu imebanduka, vichaka vimeota katikati, na kingo zimeanguka upande mmoja au pande zote mbili. Chokaa ya enzi ya Ming ilichanganywa na uji wa mchele unaonata, na inashika kweli kweli, lakini mzizi ukishapenya na maji yakaganda ndani wakati wa baridi, tofali linaachia. Kwa hiyo tembea katikati. Tofali la ukingoni linaweza kuonekana zima huku chini yake pako wazi. Mwongozaji wetu alikuwa akiligonga kwa kisigino kabla hajamruhusu mtu kulikanyaga, na hakuchoka kufanya hivyo siku nzima. Kwenye Mnara wa Jenerali na Mnara wa Madirisha 24 alituonyesha vishimo vya risasi vya vita vya 1933 kati ya jeshi la China na la Japani. Bila yeye ungedhani ni tofali lililochakaa tu.

Sasa hiyo nyota. Ratiba waliyotutumia ilisema tutakuwa juu ya ukuta mwanzo hadi mwisho. Si kweli, na kampuni inajua. Baada ya Mnara wa Madirisha 24 kuna eneo la jeshi, hivyo kila mtu lazima ashuke, apite bondeni kwenye vichaka na mashamba kwa zaidi ya saa moja, kisha apande tena hadi mwanzo wa Jinshanling. Mpando huo unakuja jua likiwa kali na miguu imeshachoka. Katika kundi letu waliokuwa wamebeba lita moja ya maji waliishiwa hapo, na Panlongshan hakuna muuzaji. Beba lita 2, na kama ni Juni hadi Agosti beba 3. Ukivaa kaptula, miiba itakuchana.

Jinshanling peke yake ina kilomita 10.5 na minara 67, na hapa ndipo utakapojua thamani ya mwongozaji. Jenerali Qi Jiguang, aliyehamishiwa mpaka wa kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1560, ndiye aliyesisitiza minara yenye nafasi ndani: askari walilala humo, wakaweka silaha na chakula, wakapigana bila kunyeshewa. Kwenye miteremko mikali utakuta vijikuta vilivyojengwa kuukata ukuta kwa upana, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na tundu la kurushia mishale. Adui akifanikiwa kupanda ukutani, askari walirudi nyuma kidato kwa kidato huku wakimlenga. Panda pale ukihema ndipo utaelewa jinsi vilivyofanya kazi. Kuna pia matofali yaliyopigwa chapa ya mwaka na kikosi kilichoyatengeneza. Mwombe mwongozaji akuonyeshe, halafu usiyapapase.

Upande wa mashariki safari inaishia kwenye Mnara wa Madirisha Matano. Huwezi kuunganisha moja kwa moja hadi Simatai, kipande cha ukuta kinachofuata. Huko kuna lango lake na tiketi inakatwa mapema. Kampuni ikikuuzia "Jinshanling hadi Simatai kwa mguu", iombe maelezo kwa maandishi. Vilevile ogopa anayekuuzia Jiankou, ule ukuta mweupe wa kwenye majabali unaouona mitandaoni. Kanuni za China za 2006 zinakataza kuandaa shughuli za kikundi kwenye vipande visivyofunguliwa kwa watalii, na mtu akivunjika mguu kule, kumteremsha ni kazi kubwa.

Mazoezi. Dar ni tambarare, na kukimbia ufukweni Coco hakukuandai kwa ngazi. Tafuta jengo la ghorofa 10 au zaidi, beba begi la kilo 6, panda na ushuke kwa miguu. Watu wengi hupanda kwa ngazi wakashuka kwa lifti, na kushuka ndiko wanakokuhitaji. Ukiwa na wikendi, chukua treni ya SGR hadi Morogoro, ukapande Uluguru. Viatu vivae angalau mwezi mmoja kabla. Karume utapata buti nzuri za mtumba, ila zikunje na uvute soli kwa mkono kabla ya kulipa: gundi ya kiatu kilichokaa miaka mingi huachia, na ikiachia Panlongshan hakuna fundi. Jaketi la upepo na glavu vinapatikana hapo hapo.

Miezi mizuri ni Aprili, Mei, Septemba na Oktoba, ukiondoa Oktoba 1 hadi 7 ambapo China nzima iko likizo. Mwishoni mwa Oktoba asubuhi ni baridi ambayo mtu wa pwani haijui, na ndani ya minara upepo unapita madirishani kwa nguvu. Viza inaombwa ubalozi wa China hapa Dar. Ukipitia Guangzhou, wanakopajua vizuri wafanyabiashara wa Kariakoo, kuna treni ya mwendokasi hadi Beijing ya kama saa 8. Ukiamua kuruka, kumbuka kwamba tangu Juni 28, 2025 pawa benki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) hairuhusiwi kwenye ndege za ndani za China. Weka Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, na uunganishe kadi yako ukiwa bado nyumbani, maana WhatsApp na Google havifunguki kwa intaneti ya kule. Pasipoti itembee nawe kila siku, inadaiwa malangoni na kwenye malazi.

Nyumba za wageni ni safi, vitanda ni vigumu, na maji ya kunywa yanaletwa ya moto. Chakula ni kingi, lakini nguruwe yupo kwenye vyakula vingi, hata mboga hukaangwa na mafuta yake. Waislamu waiambie kampuni neno "qingzhen" (halali kwa Kichina) wakati wa kulipia, si mezani. Kijijini tulipikiwa mayai, tofu na mboga kwenye sufuria ya pekee bila manung'uniko.

Mutianyu imekarabatiwa na ina watu wengi. Omba mpande kwa gari la waya linaloshukia mnara wa 14, mwende hadi mnara wa 20 wenye ngazi ndefu kali, kisha mrudi hadi wa 6 na kushuka kwa kigari cha kuteleza. Kwa magoti ya siku ya nne hiyo ndiyo njia ya huruma. Tiketi za vyombo hivyo viwili huwa haziko kwenye bei ya kifurushi. Na usikate ndege ya jioni hiyo hiyo: foleni ya kuingia Beijing ni ya kweli, sisi tulifika mjini saa mbili usiku.