King'ora cha joto la ekzosi kwenye boti: uzoefu wangu wa miaka miwili

Kifaa chenyewe ni kidogo: sensa inayofungwa kwa mkanda juu ya mpira wa ekzosi (bomba la kutolea moshi wa injini), waya, na kisanduku cha king'ora kinachokaa karibu na usukani. Joto la mpira likifika nyuzi 75, kinalia. Nimekifunga kwenye boti yenye injini ya ndani, dizeli, silinda tatu. Nimeridhika nacho, ingawa sauti yake ni ya mbu.

Nilikuwa nikiiamini geji ya dashibodi, na hilo ndilo kosa la wengi wetu. Geji ile inapima maji yanayozunguka ndani ya injini, na maji hayo huchukua muda kupanda joto. Ekzosi haina subira hiyo. Moshi unatoka kwenye silinda ukiwa na joto la mamia ya nyuzi, na kinachouzuia usiunguze mpira ni maji ya bahari yanayoingizwa kwenye elbo, ile kona ya chuma inayopeleka moshi kutoka kwenye injini hadi kwenye mpira, na kutoka pamoja nao kule tezi, nyuma ya boti. Maji yakikatika, mpira unaanza kuungua huku geji ikikuonyesha mambo shwari.

Mara ya kwanza kilipolia, nilidhani kimeharibika. Geji ilikuwa palepale kwenye 82, injini inanguruma vizuri. Nilipochungulia nyuma nikaona bomba linatema mvuke na matone badala ya maji yanayoruka kwa mikupuo kama kawaida. Nikazima. Chujio lilikuwa safi. Nikawasha tena, maji yakatoka! Nadhani mfuko wa plastiki ulikuwa umeng'ang'ania mdomo wa kuvutia maji chini ya boti, na mvuto ulipokoma ukaachia. Nikaendelea na safari nikijiona fundi.

Dakika kama ishirini baadaye kikalia tena. Safari hii nilifungua pampu ya maji ya bahari, na impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mbawa kinachosukuma maji, ilikuwa imebaki na mbawa nne kati ya sita. Impela ya mpira hupozwa na kulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Ikizunguka pakavu hata kwa muda mfupi inaungua na kukatika. Nikaweka mpya, nikiipaka gliserini kidogo ili isikwaruze inapoanza.

Hapa ndipo nilipoharibu. Sikuzitafuta zile mbawa mbili. Impela mpya, mpira bado unapanda hadi 68 nikikaza mafuta. Mbawa hazipotei hewani. Zinasukumwa mbele na kukwama kwenye tundu la kwanza jembamba zinalokutana nalo. Moja niliikuta kwenye kona ya mpira wa maji, ya pili kwenye mlango wa kipoza joto, ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini, imelala bapa juu ya vijitundu kama jani kwenye mfereji. Anayebadilisha impela iliyovunjika na azihesabu mbawa kama daktari anavyohesabu pamba kabla ya kushona mgonjwa.

Joto likashuka hadi 58. Nafuu, lakini siyo pale lilipokuwa nilipofunga kifaa, yaani 45 hivi. Kilichobaki kilikuwa elbo. Bolti zilinitesa nusu siku na maneno niliyoyasema siwezi kuyaandika. Ilipotoka, njia ya maji ilikuwa imezibwa na chumvi na kutu, upande wa moshi umeganda masizi, kidole changu kidogo hakipiti. Kuisafisha kwa tindikali nilijaribu, lakini chuma kilikuwa kimeliwa na kuwa chembamba mno, nikanunua nyingine na gasketi yake. Nikarudi kwenye 45.

Nilipofungua mpira wenyewe, utando wa ndani ulikuwa umeanza kubanduka karibu na elbo, kwa nje huoni kitu. Nikaubadilisha. Mpira ule unapita chini ya kitanda cha kabini, na moshi wa injini una monoksidi ya kaboni isiyo na harufu wala rangi, kwa hiyo sikutaka kubahatisha.

Sasa malalamiko. Kwanza sauti: injini ikizunguka kwa kasi na upepo ukiwa mbele, hukisikii. Nimeongeza taa nyekundu kwenye dashibodi, jambo ambalo watengenezaji wangelifanya wenyewe. Pili, mkanda wa plastiki ulilegea kwa joto, sensa ikaning'inia kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, ikipima hewa. Nimeweka klampu ya chuma cha pua, bila kuikaza mno. Tatu, maelezo ya kufunga hayasemi kwamba sensa ikae juu ya mpira, karibu na elbo. Ukiiweka chini, maji machache yaliyobaki yanaipoza na inakudanganya.

Kingine kisichohusu kifaa moja kwa moja: injini ikikataa kuwaka na unalazimika kupiga stata mara nyingi, funga koki ya maji ya bahari, ufungue mara tu inapowaka. Pampu inasukuma maji kila stata inapozungusha injini, na bila nguvu ya moshi kuyatoa yanajaa kwenye mafla (kile kisanduku cha kupunguza kelele za ekzosi) na yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Hilo king'ora hakitakuambia.

Kukijaribu ni rahisi. Kila baada ya miezi michache naifungua sensa, nakibandika kichwa chake ubavuni mwa kikombe cha bati chenye maji yaliyotoka kuchemka, kisha nasikiliza kile kilio cha mbu.